Karatasi za nkambo: kazi ya isimu katika kumbukumbu za mkulima wa Kongolo

Mtu anayetaka kujua maisha ya mzazi wake wa kale huanza kwa wazee, na ni vema aanze hapo. Lakini katika nyumba nyingi za kwetu kuna pia karatasi: kibuku cha utambulisho kilichochakaa, cheti cha ubatizo, vikaratasi vya mizani ya pamba, labda barua moja au mbili. Wanahistoria wana njia zao za kuzipima karatasi za namna hiyo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba sisi wa lugha nasi tuna kazi humo, na kwamba kazi yenyewe inazidi kutafsiri. Karatasi za mkulima wa wakati wa ukoloni ziliandikwa na watu wengine, mara nyingi kwa lugha asizozijua, kwa haja zao wenyewe: kodi, pamba, sakramenti. Anayezisoma leo bila kujua kila neno lilikuwa na maana gani siku lilipoandikwa atatoka na habari isiyokuwamo.

Mfano wangu ni karatasi za nkambo wa baba yangu. Alikuwa mkulima katika teritware ya Kongolo, upande wa mashariki wa mto Lualaba, katika nchi ya Wahemba. Kihemba ni ndugu wa karibu wa Kiluba cha Katanga. Katika orodha ya Guthrie lugha hizo mbili zinafuatana, L33 na L34. Neno "nkambo" lenyewe, tunalolisikia kila siku hapa Lubumbashi, limetoka upande huo: ni babu au bibi, na pia mzazi yeyote aliyetangulia zaidi. Yeye hakujua kuandika. Karatasi zake zilitunzwa na watoto wake, na leo ziko mikononi mwa shangazi yangu.

Sababu ya kuzifungua haikuwa ya kitaalamu. Mtu mmoja wa mjini ameomba konsesyoni ya ardhi kule kijijini, na sehemu aliyoiomba inagusa mashamba ambayo ukoo wetu unayalima. Baba zangu wadogo wakakumbuka kwamba kati ya karatasi za nkambo kuna kadi yenye namba ya shamba. Wakaniambia: wewe unasoma mambo ya lugha, tusomee hii. Swali lao lilikuwa moja: je, kadi hii inaonyesha kwamba shamba ni letu? Ili kulijibu ilinibidi kusoma karatasi zote, kwa kuwa hakuna hata moja inayojieleza peke yake.

Jina moja, sura nne

Jambo la kwanza linalomchanganya msomaji ni jina. Katika karatasi zetu jina la nkambo limeandikwa kwa namna nne. Wakubwa wa ukoo hawapendi jina hilo lichapwe, kwa hiyo nitaeleza kwa majina ya mahali, ambayo yalipita njia ileile.

Karani aliyezoea Kifaransa aliisikia sauti ya "u" akaiandika "ou". Ndiyo maana katika vitabu vya zamani vya Kifaransa Lualaba huandikwa "Loualaba". Alijua kwamba "s" moja katikati ya irabu husomwa "z" kwao, akaziandika mbili, na Kasongo ikawa "Kassongo". Sauti yetu ya "ch" aliiandika "tsh", na desturi hiyo tunayo hadi leo, kama katika Mutshatsha. Ziwa Mweru likawa "Moero", na kwa tahajia hiyo likaingia katika jina la wilaya nzima, Tanganika-Moero. Karani Mflemi naye alikuwa na tahajia yake, kwa kuwa katika lugha ya kwao sauti ya "u" huandikwa "oe".

Si tahajia ya Kizungu tu iliyoleta tofauti. Kiluba hakina "r", na "l" hugeuka "d" mbele ya "i": Mswahili husema kulima, Mluba husema kudima, na mzizi ni mmoja. Kwa hiyo jina lenye "li" katika karatasi moja na "di" katika nyingine si lazima liwe la watu wawili. Kwetu ndivyo ilivyo: cheti cha ubatizo kina "di", kibuku kina "li". Aliyeandika cheti alifuata masikio ya kijijini; aliyeandika kibuku alifuata Kiswahili cha ofisi. Tofauti hiyo yenyewe ni habari, maana inaonyesha nani alisikilizwa kwa lugha gani.

Majina ya ubatizo nayo yana safari yake. Petro huwa Petelo, Maria huwa Maliya, na Yosefu aliyepitia Kifaransa hurudi kijijini akiitwa Zozefu. Kisha mwaka 1972, katika siasa ya "authenticité", majina ya Kikristo yaliondolewa katika karatasi za serikali. Mtafutaji asipolikumbuka hilo, atawapoteza watoto wa mtu mmoja kati ya karatasi za kabla ya mwaka huo na za baadaye. Kanuni niliyoishika ni kuandika kila sura ya jina kama ilivyo, herufi kwa herufi, pamoja na aina ya karatasi na tarehe yake, na kuchelewa kuamua kwamba huyu ndiye yule.

Mwaka ambao ni neno

Kibuku kinasema nkambo alizaliwa "vers 1916", yaani karibu na mwaka huo. Shangazi yangu, kabla sijamwonyesha kibuku, aliniambia kwamba mzee alizaliwa "wakati wa vita ya Tabora". Mtu anaweza kufurahi na kusema: mashahidi wawili wamekubaliana. Tusiharakishe.

Jeshi la Force Publique liliingia Tabora mwezi wa 9 mwaka 1916, na vita hivyo viliwachukua wapagazi wengi kutoka upande wetu wa mashariki. Kwa wazee, "vita ya Tabora" ni majira mazima, tangu wanaume walipoanza kuchukuliwa hadi waliobaki hai waliporudi. Sasa tumfikirie karani anayejaza kibuku miaka mingi baadaye. Mbele yake amesimama mtu asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Anamwuliza, na yule anajibu kama alivyoambiwa na mama yake: wakati wa vita ya Tabora. Karani anaijua tarehe ya vita, anaandika 1916. Ninaona ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu tarakimu ile imeangukia mwaka uleule. Ikiwa ni hivyo, kibuku na shangazi si mashahidi wawili. Ni neno moja lililosemwa mara mbili, mara ya pili likiwa limevaa tarakimu.

Cheti cha ubatizo, kwa Kilatini, kinasema "circa 1914". Padri alikadiria kwa macho, au aliuliza swali jingine. Siwezi kusema mwaka gani ni wa kweli, na kwa maisha ya mkulima huyu si kitu kikubwa. Kikubwa ni kujua kwamba alikua katika nchi iliyotoka kunyang'anywa wanaume wake.

Watoto wanne wa mke mmoja

Katika ukurasa wa jamaa, kibuku kinaonyesha mke mmoja na watoto wanne. Shangazi anahesabu wake wawili. Kwa mke wa kwanza anahesabu watoto watatu. Wa nne aliyeandikwa, anasema, alikuwa mtoto wa kaka yake nkambo. Mke wa pili, ambaye ndiye mama yake bibi yangu mmoja, hayumo katika karatasi hata moja.

Hapa isimu ina la kusema kabla ya mtu kumwita nkambo mwongo. Katika lugha zetu, ndugu wa kiume wa baba ni baba, mkubwa au mdogo, na mtoto wa ndugu yangu wa kiume ni mtoto wangu. Mtoto wa dada ndiye mwenye jina la peke yake: mpwa, au mwipwa kwa Kiluba. Karani alipouliza "watoto wako ni wangapi?", nkambo alijibu sawasawa kwa lugha yake. Kosa liko katika safu ya kibuku iliyochapwa "enfants", ambayo haina nafasi ya maana hiyo. Vivyo hivyo neno "frère" katika karatasi hizi ni tafsiri ya ndugu, na ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, au wa ukoo tu. Anayechora mti wa ukoo kwa kufuata "frère" na "fils" anachora mti wa karani.

Lakini maana ya neno haimalizi habari. Sheria ya kodi ya Congo Belge ilimtoza kodi ya ziada mwenye wake zaidi ya mmoja, na ilimsamehe kodi baba mwenye mke mmoja na watoto wanne. Nikaurudia ukurasa wa kodi: mihuri inafuatana mwaka kwa mwaka, na baada ya mtoto wa nne kuandikwa inakoma. Kanisa nalo lisingeweza kumwandika mke wa pili wa mbatizwa. Basi ofisi zote mbili, kila moja kwa njia yake, zilimfundisha mkulima huyu kuwa na mke mmoja katika karatasi. Neno "mtoto" lilimpa mlango: aliweza kusema kweli kwa lugha yake na kusamehewa kodi kwa lugha yao. Gharama yake imelipwa na yule mke wa pili, ambaye tunamjua kwa midomo tu. Siku wanaomkumbuka watakapokwisha, karatasi zitakuwa zimeshinda.

"Planteur"

Vikaratasi vya mizani ni vidogo, vimechapwa kwa Kifaransa, na kila kimoja kina tarehe, jina, kilo na klasi ya pamba: ya kwanza kwa pamba nyeupe safi, ya pili kwa ile iliyoingia manjano. Juu ya jina la nkambo kumechapwa neno "planteur".

Kwa Kifaransa cha kawaida "planteur" ni mtu mwenye mashamba yake, aliyechagua zao lake. Haya ndiyo yaliyokuwa nyuma ya neno hilo. Ordonansi ya tarehe 20 Februari 1917 iliwapa watawala ruhusa ya kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Dekreti ya tarehe 1 Agosti 1921 iligawanya nchi ya pamba katika maeneo, na mkulima wa kila eneo alikuwa na mnunuzi mmoja tu, kampuni iliyopewa eneo hilo. Mwaka 1942, wakati wa vita ya pili ya dunia, siku za lazima zilipandishwa hadi 120. Hakuna hata kimoja katika vikaratasi vyetu chenye neno "lazima". Ukivisoma peke yake utamwona mfanyabiashara mdogo anayepeleka mzigo wake sokoni.

Kwa Kiswahili cha kijijini zao hilo liliitwa kwa jina lake halisi: pamba ya Bulamatari. Bula Matari, mvunja mawe kwa Kikongo, lilikuwa jina la Stanley kabla ya kuwa jina la serikali yote. Mwanahistoria Osumaka Likaka, aliyeandika juu ya pamba katika vijiji vya nchi yetu, alitoa mwaka 2009 kitabu kizima juu ya majina ambayo wanakijiji waliwapa Wazungu, na anayasoma majina hayo kama kumbukumbu ya mambo yaliyotendeka. Kwa njia hiyohiyo, "pamba ya Bulamatari" ni hati. Inasema ni ya nani, jambo ambalo "planteur" inalificha.

Niongeze onyo moja kwa wenzangu. Nimesikia watu wakieleza kwamba pamba iliitwa pamba kwa sababu ilikuwa kazi ya bure, kwa kuwa katika Lingala "mpamba" ni bure. Mzaha huo una ukweli wa maisha, lakini si asili ya neno. Pamba ya Kiswahili ilikuja kwa njia ya bahari ya Hindi na ina ndugu yake katika Kiajemi. Mpamba ya Lingala ni neno jingine. Tuuandike mzaha kama mzaha, kwa sababu nao unaonyesha watu walivyoionja kazi ile, na tusiupeleke katika kamusi.

Namba ya shamba

Sasa kadi yenyewe. Ni ya miaka ya 1950, na ina maneno "bloc", namba, "parcelle", namba nyingine, kisha "attribuée à" na jina la nkambo. Hiyo ni karatasi ya "paysannat". Mpango huo ulikuzwa na wataalamu wa INÉAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, na ulipata nguvu katika mpango wa miaka kumi wa 1949 hadi 1959. Agronomi alipima ardhi kwa mistari iliyonyooka, akaikata vipande sawasawa, kila nyumba ikapewa vyake. Zamu ya mazao iliamriwa: wapi pamba mwaka huu, wapi mihogo au karanga mwaka ujao, wapi pabaki bila kulimwa. Moniteri na kapita walipita kuangalia kama mistari imefuatwa.

Baba zangu wadogo waliisoma "attribuée à" kuwa "amepewa". Tafsiri hiyo si mbaya, ila Kiswahili kinaibeba mbali kuliko Kifaransa cha ofisi. Kwetu aliyepewa shamba na mkubwa wa ukoo amepewa yeye na watoto wake, hadi wahame au walitupe. Katika lugha ya agronomi, kipande "kilichopangiwa" mtu ni mahali pake pa kazi katika mpango. Nimeipekua kadi mbele na nyuma: hakuna "propriété", hakuna "titre", hakuna sahihi ya ofisi ya ardhi.

Neno la sheria nalo lazima lisomwe. Tangu 1885 dola ilijitwalia ardhi iliyoiita tupu. Kwa sheria ya leo, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya taifa, na hati inayothibitisha haki ya mtu juu ya kipande ni cheti cha uandikishaji. Ardhi ambazo jamii za wenyeji zinazikalia na kuzilima kwa desturi zimetajwa katika ibara za 387 hadi 389. Ibara ya mwisho inasema kwamba haki zao zitapangwa kwa ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Ordonansi hiyo haijatoka. Mamilioni ya wakulima wanaishi ndani ya kitenzi hicho cha wakati ujao, "zitapangwa".

Basi jibu la swali la baba zangu lilikuwa: hapana. Kadi inashuhudia kwamba nkambo alilima mahali fulani, katika miaka fulani, kwa mpango wa serikali. Haionyeshi kwamba mahali hapo ni petu. Na lilibaki jambo zito zaidi, ambalo niliona baada ya kusoma barua.

Barua

Barua ni moja tu, ya mwaka 1957. Iliandikwa na mtoto wa kwanza wa nkambo, aliyekuwa mfanyakazi wa Union Minière hapa mjini, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Katekista ndiye aliyemsomea mzee. Kati ya karatasi zote, hii ndiyo pekee ambayo ndani yake nkambo anasemeshwa. Nyingine zote zinamhesabu.

Kiswahili chake ni hiki chetu cha Katanga. Barua inajiita "mukanda". Watoto ni "batoto", mdogo ni "muloko", aliye mzima ni "muzima". Upatanisho ni wa "shamba ya", si "shamba la", na maneno mengi yameunganishwa kama yanavyosikika. Msomaji aliyefundishwa Kiswahili sanifu tu atashikwa na hamu ya kusahihisha. Asifanye hivyo. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha namna hii historia ya mji wetu, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", na Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 aliuacha mwandiko wake uonekane. Katika maandishi hayo tahajia yenyewe inasaidia kujua neno lilisikika vipi.

Katika barua ile mwana anauliza habari za "shamba ya mihogo ya kule mutoni". Anataka kujua kama imekwisha kupumzika miaka yake. Anaomba sehemu ya juu aachiwe mama yake, na anataja ngazi, yaani michikichi, iliyopandwa na baba yake nkambo, kuwa ndiyo mpaka na ukoo wa jirani. Nilimsomea shangazi. Akasema: ndilo shamba letu, lile tunalolima sasa.

Kumbe kulikuwa na mashamba mawili. Shamba la namba lilikuwa kando ya barabara, mahali ambapo agronomi aliweza kufika na lori la pamba kupakia. Shamba la mtoni halikuwa na namba wala kadi. Kupumzika kwake kuliamuliwa na nyumba, mpaka wake ulijulikana kwa miti na kwa watu walioipanda. Ndilo lililowalisha, na karatasi zote za serikali zikiwekwa pamoja hazilioni.

Niliwaeleza baba zangu hatari yake. Mkienda na kadi, mtaulizwa namba hiyo iko wapi, na mtaonyeshwa kando ya barabara. Mtakuwa mmejitoa wenyewe mtoni. Barua si hati ya ardhi, lakini ina majina ya mahali, mpaka, na vizazi viwili vya walimaji, tena imeandikwa miaka 16 kabla ya sheria ya 1973. Na sheria hiyo inadai uchunguzi wa awali kabla ya konsesyoni ya ardhi ya vijijini kutolewa. Katika uchunguzi huo watu wanaweza kutoa madai yao hata kwa mdomo, na lazima wasikilizwe. Hapo neno la mzee lina mahali pa kuandikwa. Basi tumechukua ushahidi wa wazee watatu, kwa lugha yao na kwa tafsiri ya Kifaransa, tukitaja mto, michikichi na walioipanda, na nakala ya barua imeambatishwa. Uchunguzi bado haujafungwa.

Kwa mwenzangu anayetaka kuanza

Usianze kwa kuwaonyesha wazee karatasi. Wasikilize kwanza, uwarekodi kwa lugha wanayokumbukia, kisha ndipo ulete karatasi. Ukigeuza utaratibu, tarakimu za karani zitaingia kinywani mwa mzee na hutazitambua tena.

Piga picha pande zote mbili za kila karatasi, na pembezoni, na mihuri. Nakili herufi kwa herufi. Kwa kila karatasi jibu maswali matatu: nani ameandika, kwa lugha gani, na alitaka nini kwa mtu huyu.

Nenda parokiani. Kwa kanuni ya 470 ya sheria ya Kanisa ya 1917, paroko alipaswa kuandika pembeni mwa rejista ya ubatizo habari za kipaimara na za ndoa ya mbatizwa. Kwa hiyo ukiupata ubatizo, huenda umeipata na ndoa. Kanuni hiyohiyo iliagiza nakala za rejista zipelekwe kila mwaka kwa askofu. Kama rejista za parokia zimeungua au zimepotea katika vita, kuna mlango wa pili wa kubisha.

Jifunze majina ya utawala kwa zamu zake. Kijiji kilekile cha Kongolo utakikuta katika jimbo la Élisabethville kabla ya 1947, kisha Katanga, Nord-Katanga, Shaba, tena Katanga, na tangu 2015 Tanganyika. Anayetafuta jina moja tu atadhani karatasi zimekwisha, kumbe zimebadilishiwa kichwa.

Mwisho, tusingoje kesi ya ardhi. Shangazi yangu ana maneno manne tofauti ya shamba lililopumzika, kwa kadiri ya miaka yake na majani yaliyoota. Nimeyarekodi pamoja na maelezo yake, na sijakuta hata moja katika kadi za agronomi, ambazo zote zina neno moja, "jachère". Anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho katika fakulte hii anaweza kuanza hapo, katika ukoo wake mwenyewe, msimu huu wa likizo, wakati wenye maneno hayo bado wanaweza kutembea naye hadi shambani na kumwonyesha.